Harriet Martineau: Binti wa muuza vitambaa aliyewahesabu wanawake wa kazi

Mwaka 1829 biashara ya vitambaa ya familia ya Martineau, mjini Norwich mashariki mwa Uingereza, ilianguka kabisa. Baba mwenye mali alikuwa ameshafariki miaka mitatu nyuma. Mchumba wa binti yake Harriet naye alikuwa amerukwa na akili na kufa. Habari za kufilisika zilipofika nyumbani, Harriet, aliyekuwa na umri wa miaka 27, alihesabu kilichobaki kwenye pochi yake akakuta shilingi moja.

Wafanyabiashara wengi wanaosoma gazeti hili wanajua maana ya hesabu ya namna hiyo. Mtaji umekwenda, mzigo haurudi, na watu nyumbani wanakutazama. Tofauti ni kwamba Harriet Martineau hakuwa na njia hata tatu za kuanzia upya. Mwanamke wa tabaka lake katika Uingereza ya wakati ule alikuwa na kazi moja tu ya heshima, kufundisha watoto nyumbani kwa matajiri. Yeye hakuweza hata hiyo, kwa sababu alikuwa kiziwi. Masikio yalianza kumsumbua akiwa na miaka kama 12, na kufikia utu uzima hakusikia kitu bila pembe ya kusikilizia, aliyoishika sikioni huku mzungumzaji akisemea upande wa pili. Hata harufu na ladha ya chakula hakuzijua tangu utoto.

Basi akashona. Mchana alidarizi nguo na vifuko vya kuuza, usiku akaandika makala hadi saa nane au tisa za usiku. Baadaye alipoandika habari za maisha yake, alisema kufilisika kwa familia kulikuwa moja ya mambo mema yaliyompata, maana bila hivyo angebaki mwanamke wa sebuleni anayeandika kwa kujificha. Ni rahisi kusema hivyo baada ya kufanikiwa, lakini ukifuata mfululizo wa mambo unaona hakudanganya.

Leo wanajamii wa vyuo vikuu wanamtaja kuwa mwanamke wa kwanza katika taaluma ya sosholojia, yaani elimu ya jamii. Jambo la kushangaza ni kwamba hakusoma chuo hata siku moja wala hakufundisha chuo. Vyuo vilikuwa vya wanaume. Mdogo wake James, aliyempenda kuliko ndugu wote, alipelekwa chuoni York na baadaye akawa mwanafalsafa wa dini mwenye jina. Harriet alibaki nyumbani na vitabu vyake na sindano.

Alizaliwa Juni 12, 1802, mtoto wa sita kati ya wanane. Ukoo wa baba ulitokana na wakimbizi, Waprotestanti waliokimbia Ufaransa baada ya mfalme wao kufuta uhuru wa ibada mwaka 1685. Walifika Norwich na ujuzi wao, wakafanya kazi, wakajenga biashara. Familia ilikuwa ya madhehebu ya Waunitari, ambao waliwasomesha mabinti zao vizuri kuliko ilivyokuwa desturi ya nchi. Makala yake ya kwanza ilitoka mwaka 1822 katika jarida la madhehebu hayo, bila jina lake halisi. Kaka yake mkubwa aliisoma kwa sauti akiisifu, bila kujua mwandishi amekaa chumba kilekile. Alipoambiwa ukweli, alimshauri dada yake awaachie wanawake wengine kushona mashati, yeye aandike.

Hadithi za ushuru na magendo

Mradi uliompa jina ulianza na wazo la kibiashara. Uingereza ilikuwa imejaa migomo, benki zilikuwa zimeanguka, mkate ulikuwa ghali, na watu wa kawaida walibishana kuhusu bei, mishahara na ushuru bila kuelewa vinaendaje. Vitabu vya uchumi vilikuwepo, ila viliandikwa na wasomi kwa wasomi. Martineau alipanga kuandika vijitabu vidogo vya bei nafuu, kimoja kila mwezi, na kila kimoja kiwe hadithi yenye watu, kijiji, mapenzi na ugomvi, lakini ndani yake mna kanuni moja ya uchumi.

Wachapishaji wa London walimkatalia mmoja baada ya mwingine. Walimwambia nchi imeshughulika na mambo mawili tu, muswada wa kupanua haki ya kupiga kura na kipindupindu. Aliyekubali mwishowe, Charles Fox, aliweka masharti magumu: kwanza wapatikane wanunuzi 500 waliojiandikisha kabla ya kuchapa. Ni kama kumwambia mtu alete wateja kwanza ndipo upakie lori. Kitabu cha kwanza kilitoka Februari 1832, nakala 1,500. Siku chache baadaye barua ya Fox ikafika: zinahitajika nakala 2,000 zaidi. Chini ya barua aliongeza neno, zifanywe 3,000. Chini yake tena 4,000, na kabla ya kufunga bahasha 5,000. Kwa miaka miwili alitoa vijitabu 25 bila kukosa mwezi, na mauzo yalifika kama 10,000 kwa mwezi. Wanasiasa waliokuwa wakitunga sheria walianza kumtumia nyaraka ili aandike juu ya jambo wanalolitaka. Alihamia London mwaka 1832 akiishi kwa kalamu yake, na hakumtegemea mtu tena.

Kwa msomaji wa mipakani, hadithi moja kati ya hizo inastahili kusimuliwa zaidi ya nyingine. Inahusu wafumaji wa hariri wa mtaa wa Spitalfields, London, na majahazi ya magendo katika pwani ya Sussex. Kwa miaka mingi serikali ilipiga marufuku hariri ya Ufaransa ili kuwalinda wafumaji wa ndani. Matokeo yake hariri ya Ufaransa iliingia usiku, ikashushwa ufukweni na watu waliojua kila korongo, na wanawake wa London wakaivaa mchana kweupe. Mwaka 1826 marufuku iliondolewa na kuwekwa ushuru wa asilimia kama 30, nao ulikuwa bado mzito kiasi cha kuwaachia wenye majahazi faida nzuri.

Hoja ya Martineau ni ya hesabu. Ushuru ukizidi gharama na hatari ya kupita njia ya panya, mzigo utapita njia ya panya. Serikali inapoteza mapato, halafu inatoa fedha nyingine kulipa walinzi wa pwani. Mfumaji anayelindwa haongezi ubora, kwa hiyo mteja anaendelea kutamani cha nje. Na kijiji kizima kinajifunza kumwona askari wa forodha kama adui na mvunja sheria kama jirani mwema. Jambo hili la mwisho ndilo lililomuuma zaidi. Aliona kwamba sheria mbaya ya biashara inaharibu tabia za watu, kwa sababu inawafanya waongo watu ambao wangependa kuwa wakweli. Sidhani kama kuna mama anayevusha mchele au vitenge kwa kuogopa ambaye atahitaji kuelezwa hilo mara mbili.

Nyingine zilikwenda mbali zaidi. Moja ilikuwa ya Demerara, katika Guyana ya leo, ambako alionyesha kwa hesabu kwamba utumwa, juu ya kuwa dhambi, ni hasara: mtumwa hana sababu ya kufanya kazi vizuri, bwana analipa gharama ya kumlinda, na mnunuzi wa sukari Uingereza analipishwa zaidi kuwalinda wenye mashamba. Sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni ya Uingereza ilipitishwa mwaka 1833. Nyingine ilikuwa ya Ceylon, sasa Sri Lanka, kuhusu mdalasini na lulu, na wenyeji wanaobaki maskini katikati ya utajiri kwa sababu biashara imehodhiwa na wakubwa. Nyingine tena iliwahusu Wapoland waliohamishiwa Siberia, wasio na sarafu, wakatumia ngozi za wanyama kama pesa hadi wakajifunza wenyewe pesa ni nini. Urusi ilikipiga marufuku kitabu hicho.

Si wote waliofurahi. Alipoandika hadithi kuhusu kisiwa chenye watu wengi kuliko chakula na kupendekeza watu wachelewe kuoa, jarida moja kubwa la London lilimshambulia vikali. Kosa lake halikuwa hoja yenyewe, kwani Malthus, kasisi, alikuwa ameshaitoa. Kosa lilikuwa kwamba aliyeitoa sasa ni mwanamke asiyeolewa.

Pembe ya kusikilizia yavuka Atlantiki

Mwaka 1834 alipanda meli kwenda Marekani na kukaa miaka miwili. Alitembelea Ikulu, magereza, mashamba ya watumwa, viwanda vya pamba vya Waltham na Lowell, nyumba za wahamiaji wapya magharibi. Watu walidhani kiziwi hawezi kuchunguza nchi. Yeye aliona kinyume chake: mtu anayelazimika kusemea kwenye pembe hukaribia, huacha hotuba, huongea kama rafiki.

Njiani baharini alikuwa ameanza kuandika mwongozo wa jinsi ya kuchunguza jamii ya watu wengine, uliotoka mwaka 1838 kwa jina How to Observe: Morals and Manners. Ndiyo maana wasomi wanamwita mwanzilishi. Mfaransa Emile Durkheim, anayesifiwa kwa kuandika kanuni za taaluma hiyo, alichapa kitabu chake mwaka 1895, miaka 57 baadaye. Martineau alishauri hivi: usianze na maneno ya watu, anza na vitu. Tazama makaburi na yaliyoandikwa juu yake, nyimbo, soko, jela, vitabu vya akiba, nyumba zilivyojengwa na nani analala wapi. Halafu ndipo uulize watu, na utumie maelezo yao kufafanua ulichokiona. Na usipime nchi kwa desturi za kwenu. Ipime kwa ahadi ilizojiwekea yenyewe.

Kwa kipimo hicho Marekani haikufaulu. Nchi ilijitangaza kuwa watu wote wamezaliwa sawa na hakuna kodi bila uwakilishi. Martineau aliuliza kwa upole tu: mtumwa je? Mwanamke je? Mwanamke alilipa kodi, alifungwa na sheria, alinyongwa na sheria, na hakuwahi kuombwa ridhaa. Aliyaandika hayo katika Society in America mwaka 1837, katika sura nzima kuhusu kutokuwepo kwa wanawake kisiasa. Kabla ya hapo, mwaka 1835, alikuwa amesimama katika mkutano wa wanawake wa Boston wanaopinga utumwa na kutamka kwamba yuko upande wao. Magazeti yalimtukana, na vitisho vikamfuata safarini hadi ikabidi abadilishe njia.

Viwandani aliona kitu ambacho wageni wengine hawakukiona. Wasichana wa Waltham waliofanya kazi kwenye pamba hawakuwa wakitafuta fedha za ribboni. Wengine walikuwa wakikomboa shamba la baba lililowekwa rehani, wengine wakimsomesha kaka chuoni. Mshahara wa binti ulikuwa nguzo ya nyumba, ila hakuna aliyeuita hivyo.

Kutoka mwaka 1839 aliugua na kukaa miaka mitano kitandani Tynemouth, kaskazini, akitazama bahari kwa darubini. Serikali ilimpa pensheni, akaikataa, akisema fedha hizo zinatokana na kodi za watu wasio na kura na asingeweza kuzila kisha akawasemea. Aliinuka kitandani mwaka 1844 baada ya tiba ya mesmerizimu, ya mtu kupitishiwa mikono mwilini na kulazwa usingizi. Madaktari walikasirika, shemeji yake daktari akachapisha hadharani siri za ugonjwa wake. Alipokufa, uchunguzi ulionyesha uvimbe mkubwa tumboni uliokuwepo miaka yote. Afadhali tuseme alipata nafuu tu, na tusiisifu tiba yenyewe.

Mara akajenga. Alinunua kiwanja Ambleside, nchi ya maziwa na milima, akasimamia nyumba yake mwenyewe hadi ikakamilika mwaka 1846, akafuga ng'ombe na nguruwe kwenye ekari mbili na kuandika mahesabu ya shamba hilo. Majira ya baridi aliwapa wafanyakazi wa kijijini mihadhara ya historia na afya, na kuwasaidia kuunda chama cha kujengeana nyumba. Mwaka huohuo wa 1846 Bunge lilifuta Sheria za Nafaka, zilizokuwa zimezuia ngano ya nje tangu mwaka 1815 na kupandisha bei ya mkate. Martineau alikuwa amezipiga vita tangu hadithi zake za mwanzo. Waziri Mkuu Robert Peel na mpinzani wake Richard Cobden, waliohitajiana katika vita hivyo, walikuwa hawasemezani kwa sababu ya tusi la bungeni la miaka mitatu nyuma, na ilikuwa barua ya Martineau kwa Peel iliyosaidia kuwapatanisha.

Baada ya hapo alisafiri Misri, akapanda Mto Nile hadi maporomoko ya pili, karibu na mpaka wa sasa wa Misri na Sudan, kisha akapita Sinai, Palestina na Syria. Kitabu cha safari hiyo kina uchunguzi mzuri wa jinsi dini zinavyokua kutokana na mazingira. Lakini sehemu inayohusu wanawake wa nyumba za ndani za Cairo na Damascus inasikitisha. Aliwatembelea kwa saa chache, bila lugha yao, akatoka na hukumu nzito. Kanuni zake mwenyewe za mwaka 1838 zingemkataza.

Comte, sensa na mashine

Mwanafalsafa Auguste Comte wa Ufaransa ndiye aliyetunga neno sosholojia, lakini alieleza mawazo yake katika mabuku sita mazito ambayo hata Wafaransa wachache waliyamaliza. Martineau aliyafupisha kwa Kiingereza kuwa mabuku mawili, yaliyotoka mwaka 1853. Tajiri mmoja wa Norfolk alimpa pauni 500 kwa kazi hiyo, naye akapanga sehemu ya faida imfikie Comte, ambaye alikuwa na shida ya fedha. Comte alifurahi kiasi cha kuwashauri wafuasi wake wasome toleo hilo, na baadaye lilitafsiriwa tena kwa Kifaransa. Si kwamba alikubaliana naye kwa kila kitu. Comte aliamini mwanamke kwa maumbile yake ni wa nyumbani, wakati mfasiri wake alikuwa akilipa bili za nyumba kwa kuandika tahariri za gazeti la Daily News. Aliliandikia makala zaidi ya 1,600 kati ya mwaka 1852 na 1866.

Kazi ninayoiona kuwa kubwa kuliko zote ni fupi. Mwaka 1859 aliandika makala ndefu katika Edinburgh Review kuhusu kazi za wanawake. Kila mtu aliyetunga sheria wakati ule alianzia na imani moja: mwanamke hulishwa na baba, kisha mume. Martineau alichukua sensa ya mwaka 1851 na kuhesabu. Uingereza, bila Ireland, ilikuwa na wanawake milioni sita waliozidi miaka 20. Nusu yao walifanya kazi. Zaidi ya theluthi, yaani zaidi ya milioni mbili, walijilisha wenyewe kama mwanamume yeyote. Aliwapanga mbele ya msomaji: wa maziwa, wa samaki, wafuaji, watumishi wa nyumbani, washonaji, wa viwandani, wenye maduka. Alisema mishahara yao iko chini kwa sababu wamesukumwa wote katika kazi chache, na kwa sababu wanaume wa fani nyingine wamefunga mlango kwa wivu. Alisema pia kwamba wodi za wanawake katika hospitali za vichaa zimejaa watumishi wa kazi zote na walimu wa nyumbani, watu waliochoshwa bila akiba ya uzeeni. Dawa aliyotoa ilikuwa kufungua kazi zote, kuwafundisha wasichana kazi hizo, na kulipa kwa haki.

Hata hivyo hakuwa mtetezi wa kila mfanyakazi. Imani yake katika soko huria ilimfikisha pabaya mwaka 1855, pale jarida la Charles Dickens lilipodai wenye viwanda wazungushie uzio mashine zilizokuwa zikikata watu mikono na kuwaua. Martineau aliandika kijitabu akiwatetea wenye viwanda na kulaumu uzembe wa wafanyakazi, na chama cha wenye viwanda kikakichapisha kwa furaha. Wanaomsifu huwa wanaharakisha hapo. Mtu aliyefundisha kutazama vitu kwanza alikuwa na takwimu za vifo mbele yake, akachagua kanuni.

Mwaka huohuo madaktari walimwambia moyo wake ni mgonjwa na hana muda mrefu. Aliandika habari za maisha yake kwa miezi michache, akazichapa, akazihifadhi ghalani zikisubiri kifo. Kifo kilichelewa miaka 21. Katika muda huo alitia sahihi ombi la mwaka 1866 la wanawake kupiga kura, na baadaye, akiwa mgonjwa, alijiunga na Josephine Butler na Florence Nightingale kupinga sheria zilizoruhusu polisi kumkamata mwanamke yeyote wa miji ya kambi na kumpima kwa nguvu kama ana magonjwa ya zinaa, huku askari wakiachwa. Sheria hizo zilifutwa mwaka 1886. Kwa mdogo wake James hakurudi tena. Alikuwa ameandika kitabu cha kukana dini mwaka 1851, James akakichambua kwa ukali katika jarida, na wakaachana moja kwa moja.

Alifariki Ambleside, Juni 27, 1876, akazikwa Birmingham na jamaa zake. Daily News lilichapisha tanzia ambayo mwenyewe alikuwa ameiandika mwaka 1855 na kuiacha ofisini. Humo alijipima kwa ukali: akili safi, lakini hakuna ubunifu, mtu wa kueleza mawazo ya wengine. Vyuo vilimkubalia kwa karibu miaka mia moja na kumtaja, walipomtaja, kama mfasiri wa Comte. Katika miaka ya 1970 wasomi, wengi wao wanawake, walianza kuvisoma tena vitabu vyenyewe, na mwaka 1989 ule mwongozo wa kuchunguza jamii ukachapishwa upya kwa ajili ya wanafunzi wa sosholojia.